Jangwa Lisilo na Mvua na Wezi wa Dungusi

Nchi ya Chile, iliyoko Amerika ya Kusini, ni ndefu na nyembamba mfano wa utepe. Upande wa mashariki imezuiwa na milima mirefu ya Andes, na upande wa magharibi inapakana na bahari ya Pasifiki. Sehemu yake ya kaskazini ni jangwa liitwalo Atacama, nalo huhesabiwa miongoni mwa mahali pakavu kupita pote duniani. Katika bandari kubwa ya Antofagasta mvua ya mwaka mzima ni milimita chache tu, kiasi ambacho mvua moja ya masika katika Afrika ya Mashariki hukipita kwa saa moja.

Sababu ya ukavu huo ni ya ajabu, maana jangwa lenyewe liko ukingoni mwa bahari. Mkondo wa maji baridi uitwao Humboldt hupita kando ya pwani ukitokea kusini. Hewa iliyo juu ya maji hayo hupoa, na hewa iliyopoa haipandi juu kufanya mawingu ya mvua. Badala yake hutanda ukungu mzito ambao wenyeji huuita camanchaca. Upepo huusukuma ukungu huo hadi kwenye miteremko ya milima ya pwani, ukatulia hapo usiku na asubuhi, kisha jua likipanda ukatoweka. Mahali unapofika pana uhai. Lakini msafiri akivuka kilima na kuingia bara, ambako ukungu haufiki, huikuta ardhi tupu kama kiganja cha mkono.

Atokaye Santiago, mji mkuu, hupanda basi katika barabara kuu ya kaskazini, na safari ya kufika mji mdogo wa Taltal hupita kilomita 1,000. Njiani hukuta Copiapó, mji wa wachimba madini. Jina lake lilisikika duniani kote mwaka 2010, wakati wachimbaji 33 waliponaswa chini ya ardhi kwa siku 69 katika mgodi wa San José ulio karibu na hapo, wakatolewa wote wakiwa hai. Taltal nayo ilikuwa bandari ya kusafirishia shura, yaani ile chumvi itumiwayo kutengenezea baruti na mbolea. Kwa ajili ya utajiri wa shura wa jangwa hilo, Chile iliingia vitani na Peru na Bolivia mwaka 1879. Baadaye Wajerumani walipopata njia ya kutengeneza kitu hicho kiwandani, mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ikaanguka na bandari zikapooza.

Siku hizi wapo wageni wafikao Taltal, na kijiji cha Paposo kilicho kaskazini yake, bila haja ya shura wala ya shaba. Hao hutafuta dungusi.

Dungusi, ambayo wengine huiita mpungate au kaktasi, asili yake ni bara la Amerika. Mpungate uonekanao katika nyika za Kenya, kama vile Laikipia, uliletwa na wageni. Minyaa ipandwayo kuwa ua wa boma, ingawa hufanana na dungusi kwa unene wa matawi na kwa kukosa majani, ni ukoo mwingine kabisa. Ukiukata mnyaa hutoa utomvu mweupe. Ni dungusi moja tu iliyokutwa Afrika tangu kale, nayo wengi wakiiona hawaitambui, kwa kuwa huning'inia misituni juu ya matawi ya miti mikubwa kama kamba za kijani.

Jamii isifiwayo zaidi katika pwani ya Atacama huitwa Copiapoa, jina litokalo katika ule mji wa Copiapó. Ina aina zaidi ya 30, na haioti porini mahali pengine popote ila Chile. Mojawapo, Copiapoa cinerea, iliandikwa na mtaalamu Rudolf Philippi, Mjerumani aliyehamia Chile, katika kitabu cha safari yake ya Atacama kilichotoka mwaka 1860. Inapokuwa changa huwa ya mviringo kama mtungi, halafu hurefuka ikawa kama gogo fupi. Mwili wake umefunikwa na nta ya kijivu inayokaribia weupe, na juu ya nta hiyo hutokeza miiba myeusi. Kichwani ina sufu, na katika sufu huchomoza maua ya manjano.

Linalowashangaza wageni ni kwamba dungusi hizo huinama upande mmoja. Mlima mzima huonekana kama kikosi kilichoamriwa kugeuka, vichwa vikielekea kaskazini. Sababu yake si siri. Chile iko kusini ya ikweta, basi jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Kwa kulielekea, kichwa chenye maua hupata joto, ilhali ubavu wa mmea huepuka ukali wake. Mtu aliyepotewa na njia katika ukungu, akizikuta, hana haja kubwa ya dira.

Tena dungusi hizo hukua polepole mno. Mmea uliolingana na kichwa cha mtu waweza kuwa ulianza kuota kabla ya kuzaliwa babu wa yule anayeutazama. Haukimbii, haufichwi na majani, na mlinzi wake wa pekee ni miiba. Mwizi mwenye sururu na glavu humaliza katika dakika chache kazi ya miaka mia.

Na wezi wapo, kwa sababu wanunuzi wapo. Katika Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki kuna watu wakusanyao dungusi kama wengine wanavyokusanya stempu. Si haki kuwahesabu wote kuwa wezi, maana wengi hupanda mbegu na kuingoja kwa subira miaka na miaka. Lakini wako wasiotosheka na kitu walicho nacho jirani zao. Hawa hutaka Copiapoa krainziana, iliyofunikwa na miiba myembamba myeupe kama mvi za mzee, nayo porini hukaa katika eneo dogo tu karibu na Taltal. Hutaka Copiapoa laui, ambayo vichwa vyake ni vidogo kama vifungo vya koti na hujificha mchangani. Zaidi ya zote hutaka mmea wenye kilema: ule ambao kichwa chake, badala ya kukua kwa mviringo, kimetanuka na kujikunja kama kilemba cha jogoo. Mkulima angeung'oa na kuutupa. Mkusanyaji huulipia kama johari.

Sheria haikosekani. Mkataba wa kimataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini ulitiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Mkataba huo umeziweka karibu dungusi zote chini ya ulinzi, zisivuke mpaka bila hati. Shida ni kwamba dungusi haipigi kelele ndani ya sanduku, wala haifi upesi kwa kiu. Ikiondolewa udongo na kuviringishwa katika karatasi hustahimili safari ndefu, na ofisa wa forodha aliyefundishwa kutambua pembe za ndovu huenda asishughulike na kifurushi cha mimea iliyokauka.

Mwezi Februari 2020 polisi wa Italia, wa kikosi cha Carabinieri kinacholinda misitu na mazingira, walifanya msako katika nyumba ya mkusanyaji mmoja kwenye pwani ya bahari ya Adriatiki. Msako huo uliitwa Operesheni Atacama. Walikuta dungusi zaidi ya 1,000 za Chile, nyingi zikiwa za jamii ya Copiapoa, na baadhi zikikadiriwa kuwa na umri uliopita miaka 100. Thamani yake katika biashara ya magendo ilikadiriwa kupita dola milioni moja za Marekani.

Hapo utaalamu wa mimea uliwafaa polisi kuliko bunduki. Dungusi iliyopandwa kwa mbegu katika nyumba ya vioo, ikanyweshewa kila mara, huwa ya kijani, imenenepa na ngozi yake ni safi. Ile iliyong'olewa jangwani ni ya kijivu kana kwamba imepakwa vumbi, ina makovu ya jua na upepo, na umbo lake limepinda kwa taabu ya miaka mingi. Rangi ileile anayoitamani mnunuzi ndiyo inayomshitaki muuzaji.

Mwezi Aprili 2021 dungusi 844 zilirudishwa Chile kwa ndege. Nyingine zilibaki katika bustani ya mimea mjini Milan kwa uchunguzi, na baadhi zilikufa. Magazeti mengi yaliandika habari hiyo kama ushindi, na ushindi ulikuwa kweli. Hata hivyo dungusi hizo ziliwekwa karantini kwanza, wala hazingeweza kurudishwa mlimani kama mchungaji arudishavyo mbuzi zizini. Mwizi haachi hati ya kueleza kila mmea ulitoka bonde gani. Dungusi za bonde moja zaweza kutofautiana na za bonde la pili kwa mambo yasiyoonekana kwa macho, na kuzichanganya ni kuharibu damu zake. Tena zaweza kuwa zimebeba kutoka Ulaya wadudu au magonjwa ambayo jangwa hilo halijapata kuyajua.

Mwezi Oktoba 2024 shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, lilitangaza kwamba asilimia 82 ya aina za Copiapoa zimo katika hatari ya kutoweka. Mwaka 2013 hesabu hiyo ilikuwa asilimia 55. Wizi unahusika, ukichochewa na picha zinazoenezwa katika mitandao ya kijamii. Barabara na majengo mapya zinahusika pia, kadhalika mabadiliko ya hali ya hewa.

Karibu na Chañaral iko hifadhi ya taifa ya Pan de Azúcar, iliyoanzishwa mwaka 1985, ambamo mgeni aweza kuzitazama dungusi hizo bila kumkosea mtu, na kisiwani mbele yake kuona pengwini wakiogelea katika maji baridi. Lakini makao mengi ya Copiapoa yako nje ya mipaka ya hifadhi, katika makorongo ambayo hupita siku nyingi bila mtu kufika. Zamani kitabu cha mtaalamu kilimwongoza msomaji hadi bonde lenyewe, na mto, na kilometa. Siku hizi wataalamu wengi wakipata kikundi kipya cha dungusi huandika umbo lake, maua yake na mbegu zake, na mahali penyewe hawapataji.