Birere: umeme kwanza, pedali baadaye

Katika kwaya, gitaa moja inaweza kubeba ibada. Pedali zikiungua, wengi wanakosa. Mpiga gitaa mmoja wa mtaani, aliyehama mara mbili tangu vita viingie Goma Januari 2025, alichanga franga kidogo kidogo. Hakununua pedali mpya. Alitafuta kwanza umeme wa kuaminika.

Hesabu si ngumu. Pedali nyingi zinataka volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Ukigeuza, pedali inaweza kuungua. Angalia miliampere ambazo kila moja inakula: 20, 30 na 150 ni 200, basi adapta ya 500 inatosha. Yenye matundu yaliyotenganishwa inapunguza mvumo kwenye spika. Umeme ukikatika, betri ya pikipiki ya volti 12 isiunganishwe moja kwa moja: ipitie kifaa cha kuishusha hadi 9.

Na ubao? Alipigilia mbao tatu nyembamba, akaacha nafasi za kupitishia nyaya. Upana wake hauzidi mgongo wake. Siku ya kuhama, ubao mzito unabaki nyuma pamoja na pedali zake.