Nyoka alipona, shughuli ilikuwa kwa majirani!

Leo naweka pembeni mambo ya mapenzi na mavazi, nataka tuongee habari za nyoka. Ndiyo, nyoka mwenyewe, yule wa kutambaa! Najua wengine mmeshapandisha miguu kwenye kochi. Tulieni, huyu wa kwangu hana sumu.

Mwaka 2022, msimu wa pamba, nilikuwa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Simiyu ni mkoa uliozaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na pamba ndiyo dhahabu ya kule. Sasa penye pamba na mahindi pana panya, na penye panya hapakosi nyoka. Hesabu nyepesi kabisa.

Siku hiyo vijana walikuwa wanahamisha magunia kwenye ghala moja, akachomoka nyoka wa kahawia, urefu kama mkono wangu, kichwani ana mistari miwili iliyofifia, mmoja juu ya jicho na mwingine chini yake. Kabla sijasema "jamani", jembe likatua. Ngozi ya mgongo ikachanika, nyama ikaonekana. Walipotaka kummalizia, mzee mmoja aliyekaa kivulini akafoka: "Mwacheni! Huyo ni paka wenu, anawalia panya!"

Mzee yule alikuwa wa Bayeye, kile chama cha jadi cha Wasukuma wanaocheza na nyoka na kutibu walioumwa. Msidhani ni stori za kijiweni. Hans Cory aliandika juu yao mwaka 1946 katika jarida la Africa. Basi mzee akamwinua nyoka kwa kijiti, akamtia kwenye ndoo, akanikabidhi mimi. Kisa? Eti ni mimi peke yangu niliyekuwa sijakimbia. Ukweli ni kwamba miguu iligoma!

Nilimwomba bibi ruhusa, akakubali. Kesho yake nikatoa taarifa kwa watu wa wanyamapori, maana sheria hairuhusu kujifugia mnyama wa porini bila kibali. Wakaniambia akipona tu nimwachie. Nikapitia kwa bwana mifugo. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kijana, mimi ni wa ng'ombe!" Lakini alinielekeza vizuri: osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kisha paka ayodini iliyozimuliwa mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi.

Makazi yake yalikuwa beseni la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa matundu. Chini nilitandika magazeti, siyo udongo, kwa sababu udongo unaingia kwenye kidonda. Nikamwekea kibakuli cha maji na kigae cha chungu cha kujifichia. Usiku upande mmoja naweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, upande wa pili naacha baridi, achague mwenyewe. Nyoka hatengenezi joto lake kama sisi. Akikosa joto, chakula hakisagiki, kinaozea tumboni.

Kwenye msosi ndipo kila mtu alikuwa daktari. "Mpe maziwa!" Jamani, maziwa siyo chakula cha nyoka. Wiki ya kwanza nilimpa maji tu, kwani nyoka anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula. Halafu nikaanza kutega panya wadogo kwa mtego, kamwe siyo wa sumu, maana sumu ile ingemwua na yeye. Panya awe tayari amekufa, na asizidi unene wa nyoka mwenyewe. Unamweka kwa koleo usiku, unafunika, unaondoka. Mara ya kwanza alimsusa, asubuhi nikamtupa. Baada ya siku nne nikajaribu tena, na kulipopambazuka panya hayupo! Nilifurahi kama nimefaulu mtihani. Lakini akishakula humshiki kwa siku mbili, ukimsumbua anatapika chote.

Mambo yakaharibika pale mtoto wa mpangaji mwenzangu alipochungulia lile beseni. Kufikia jioni mtaa mzima una habari moja: bibi anafuga nyoka wa chuma ulete! Mama mmoja wa genge akaapa ndiyo maana hela zake zinayeyuka.

Nilitaka kucheka, bibi akanizuia. "Mjukuu wangu, mimi nyoka simwogopi. Naogopa midomo. Macho yangu haya si unayaona?" Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka nenda rudi. Nikanyamaza. Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa macho mekundu na fununu za uchawi, na wote tunajua.

Usiku ule sikulala. Nikimtupa nyoka gizani, kidonda hakijafunga, atakufa, na watu watasema bibi kamhamisha. Nikimficha, ndiyo kabisa!

Asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamwomba aitishe watu. Walikuja wengi, wengine na fimbo. Mzee wa Bayeye akamtoa nyoka mbele yao, bwana mifugo akaeleza kidonda, mimi nikaonyesha ayodini na mtego wa panya. Yule mama wa genge akauliza, "Anakula panya wangapi kwa wiki?" Nikamjibu, "Mmoja anamtosha." Akaguna: "Kidogo hivyo? Basi leteni nyoka kumi!" Watu wakaangua kicheko, fimbo zikashuka. Sisemi wote waliamini. Mpangaji mmoja alihama mwisho wa mwezi, na mimi jioni nikawa nakaa barazani na bibi mpaka aende kulala.

Wiki ya sita macho ya nyoka yakawa na ukungu wa kibuluu, kisha akajivua gamba zima kama soksi. Kwenye jeraha kukabaki kovu tu. Tukampeleka kwenye mawe nje ya mji, akateleza zake. Hakuaga!

Mwanangu unayesoma hapa, usiende kuokota nyoka kwa sababu ya stori hii. Mimi nilikuwa na mzee anayewajua. Wewe unaweza kuokota kifutu, swila au koboko. Waite wanyamapori. Na ukiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba kwa nguvu; tuliza kiungo, wahi hospitali. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, siyo mchezo.

Na ukisikia bibi wa jirani kafuga jini, kabla ya kubeba fimbo, gonga hodi, piga shikamoo, uliza. Pengine kuna mgonjwa tu ndani ya beseni.