Kuhamia Costa Rica kwa Kazi ya Ualimu

Mwalimu akipata kazi ng'ambo majirani huuliza mshahara ni kiasi gani. Sisi wenye ndoa tuna swali jingine: je, baba aende peke yake awe anatutumia fedha, au twende sote? Nyumbani kwetu baba ni mwalimu wa Kiingereza na mama ni muuguzi. Tuliamua kwenda sote, pamoja na watoto wetu wawili, Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati inayosema Kihispania.

San José, mji mkuu, uko bondeni, lakini ni bonde lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna baridi, na vilimani kumejaa mibuni, utadhani uko Moshi. Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Novemba, na mwaka wa shule huanza Februari. Nchi hii ilifuta jeshi lake mwaka 1948. Tangu mwaka 1869 katiba yake ilitaka elimu ya msingi iwe ya bure na ya lazima. Mwalimu wa kike wa shule ya msingi huitwa "niña", yaani msichana, hata akiwa na mvi!

Desturi za watu

Wengi huambiana "usted", neno la heshima, hata mume na mke, hata mama na mtoto wake. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tulilipenda jambo hilo. Kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na mwanamke akiolewa habadili jina lake. Ukiuliza njia, utaambiwa uhesabu mita 200 kaskazini mwa kanisa, na kila mita 100 ni mtaa mmoja.

Asubuhi watu hula gallo pinto, yaani wali uliokaangwa na maharage. Wana pia agua dulce, kinywaji cha moto cha sukari guru. Katika jimbo la Limón, ambako wamo wajukuu wa Wajamaika waliokuja kujenga reli karne ya 19, tulikaribishwa wali na maharage ya nazi. Watoto walishangilia kama wako kwa bibi yao.

Yaliyo magumu

Stashahada ya uuguzi haikumfikisha mama wodini. Vyeti hutakiwa vitafsiriwe, vitambuliwe na kusajiliwa kwanza, na wagonjwa husema Kihispania. Basi tuliishi kwa mshahara mmoja. Mama aliyezoea kupokea mshahara wake akajikuta anaomba nauli ya basi, na kimya kikaingia nyumbani. Tuliketi tukaandika bajeti upya: kodi, chakula, fedha za wazazi, na fungu la mama analotumia bila kuulizwa. Amani ikarudi.

Watoto walishika Kihispania upesi kutuzidi. Tukaweka sheria kwamba mezani ni Kiswahili tu. Na kwa kuwa saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa tisa, tuliwapigia wazazi saa tatu usiku, nao walipokea saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake.

Kabla ya kutia sahihi

Someni mkataba pamoja. Nani analipa nauli ya familia, ya kwenda na ya kurudi? Nyumba je? Huko mwajiriwa huchangia Caja, mfuko wa bima ulioanzishwa mwaka 1941, na mke na watoto hutibiwa kwa mchango huo. Hakikisheni mwajiri anawaandikisha. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Mama naye aanze kujifunza Kihispania siku ileile baba anapoanza. Na fungu lake katika bajeti liandikwe mkiwa bado nyumbani.