Mrija wa Kombe

Mnyonge hutafuta amani yake katika maficho. Lakini maficho yasiyo na njia ya pumzi ni kaburi. Kombe, kiumbe wa magamba mawili akaaye chini ya mchanga wa bahari, ameishi na jambo hili kwa mamilioni ya miaka, na jawabu lake ni mrija.

Hana kichwa, hana meno, wala hana mbio. Mali yake ni magamba mawili, mguu wa kuchimbia, matamvua ya kuvutia pumzi na kuchuja chakula, na ngozi laini iliyolala ndani ya magamba kama bitana ndani ya joho. Ukingo wa ngozi hiyo una mikunjo mitatu. Wa nje hutengeneza gamba. Wa kati huhisi. Wa ndani una misuli, nao hutawala maji yaingiayo na yatokayo. Ukingo wa kulia ulipoungana na wa kushoto upande wa nyuma, kisha ukarefuka, ilipatikana mirija miwili: mmoja huingiza maji safi, wa pili hutoa maji yaliyokwisha kutumika pamoja na taka. Basi mrija haukutokana na kitu kipya. Ni upindo wa nguo ya zamani uliopewa kazi nyingine.

C. M. Yonge, mtaalamu wa viumbe vya bahari wa Uingereza, alieleza mwaka 1948, na tena mwaka 1957, kwamba muungano huo si wa namna moja. Katika baadhi ya jamaa za kombe mkunjo wa ndani peke yake huungana. Katika wengine sehemu ya mkunjo wa kati huingia pia. Na katika wengine muungano hufika mpaka mkunjo wa nje, mrija ukavikwa ngozi ngumu kama ile ifunikayo gamba. Haja moja ilipiga hodi katika nyumba nyingi, na kila nyumba iliitikia kwa kile ilichokuwa nacho.

Tofauti hizo zaonekana katika maisha yao. Jamaa ya Tellina wana mirija miwili myembamba iliyoachana, na wengi wao hupitisha ule wa kuingiza juu ya tope, ukizoa chembe za chakula. Mirija ya Mya imefungwa pamoja katika ala moja. Panopea wa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini hujizika kiasi cha mita moja, na mrija wake ni mnene hata haurudi wote ndani ya magamba. Lucina hana mrija wa kuingiza. Hutumia mguu kujenga njia ya ute mchangani, maji yakamjia kwa mbele. Teredo, mwenye umbo la mnyoo, hutoboa mbao na kuchunguliza mirija peke yake; akiogopa huirudisha, akaziba tundu kwa vibao viwili. Huyu ni adui wa majahazi, na deheni ya mafuta na chokaa ipakwayo chini ya vyombo vya pwani ya Afrika ya Mashariki ni ngao juu yake.

Mwili huoza, lakini mrija huacha ushahidi. Ndani ya gamba mna mstari wa misuli ya ukingo. Mahali mirija irudishwapo, mstari huo hupinda kama ghuba. Kwa ghuba hiyo hukisiwa kina alichoishi kombe aliyegeuka jiwe. Mwaka 1968 Steven Stanley wa Marekani alitoa hoja kwamba kuungana kwa ukingo na kupatikana kwa mirija ndiko kulikowawezesha kombe wa kujizika kuenea kwa aina nyingi baada ya zama za kale za uhai, zilizokoma kiasi cha miaka milioni 252 iliyopita.

Hata hivyo mrija una kodi yake. Ncha yake haina budi kutokeza, na samaki huikata. Kombe huotesha nyingine, lakini kwa nguvu ambazo zingalimkuza mwili. Aliyejizika bila njia ya maji hufa kwa kukosa pumzi; mwenye mrija hulipa kwa samaki apitaye. Kombe amekubali kulipa. Huitokezea dunia kwa sehemu ile tu awezayo kuipoteza na kuiotesha tena.