Mama Alibaki Nje

Nilipanda ndege kwa mara ya kwanza Oktoba 2019, nikiwa na miaka 41 na famasi ndogo Tanga niliyomwachia msaidizi wangu. Dada yangu, aliyeolewa Leicester, ndiye aliyenitumia tiketi. Begi langu lilijaa korosho, doti mbili za kanga na kilo mbili za unga wa muhogo, na Heathrow nzima niliogopa lisifunguliwe mbele za watu. Halikufunguliwa. Kutoka London nilipanda treni stesheni ya St Pancras, na baada ya saa moja na ushei nikawa Leicester, natetemeka ndani ya koti la shemeji.

Leicester wana mfalme wao, Richard III, aliyefukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari. Wenyeji wote waliniambia nikamwone kaburini. Sikwenda. Mimi nilitaka kuona famasi.

Ijumaa alasiri dada alikwenda kuchukua dawa za mwanawe, tukafuatana watatu. Mpwa wangu alikuwa na miaka 13, na pumu tangu utotoni. Dawa zake hazikulipiwa, kwani Uingereza aliye chini ya miaka 16 hatoi hata senti. Mtu mzima mwaka ule alilipa pauni 9 kwa kila dawa iliyoandikwa. Nilisimama kuhesabu rafu kama mgeni anavyohesabu vyumba vya mwenyeji wake. Mfamasia, mama wa makamo, akatoka nyuma ya kaunta, akampita dada, akasimama mbele ya kijana.

Akamuuliza kama angependa kukaa naye dakika kumi wazungumze kuhusu dawa zake.

"Sawa, hamna shida," dada akajibu.

Mfamasia akatabasamu, akaendelea kumtazama kijana. Yeye ndiye aliyeulizwa. Akamweleza watazungumza nini, nani ataarifiwa, na kwamba anaweza kukataa na dawa zake akapewa vilevile. Halafu akamuuliza nani angependa aingie naye chumbani. Kijana akatazama viatu vyake.

"Mjomba aingie. Mama abaki."

Uso wa dada ulibadilika. Akaniambia kwa Kiswahili, sauti ya chini lakini kali: "Kaka, huyu nimemzaa mimi. Mimi ndiye ninayeamka naye usiku. Leo nikae nje kama mpita njia?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia tu, "Dada, subiri kidogo," nikaingia.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza, viti vitatu na mlango unaofungwa. Ukizungumza kwa sauti ya kawaida, aliye kaunta hakusikii. Kijana alisaini fomu ya ridhaa kwa mwandiko wake wa shule. Mfamasia akaweka mezani inhela mbili, ya bluu na ya kahawia, akamwambia amfundishe yeye kazi zake. Kijana akaeleza: ya bluu hufungua kifua kinapobana, ya kahawia huzuia kisibane, na hiyo hutumika kila siku hata ukiwa mzima. Nina wateja wa miaka 50 wasioweza kulieleza hilo.

"Na wewe unaitumia kila siku?"

Kimya. Kisha akasema makopo matatu yako chini ya kitanda, hayajafunguliwa. Nikapiga hesabu kichwani. Kopo moja lina mipulizo 200. Miwili asubuhi na miwili jioni, ni siku 50. Matatu ni miezi mitano. Tukirudi nyuma tunafika Mei, na Mei ya mwaka ule ilikuwa Ramadhani.

Hapo ndipo yalipotoka yote. Kijana alikuwa msomaji wa Kurani wa madrasa yao, na mwezi ule alichaguliwa kusoma mbele ya watu. Dawa ya kahawia ilikuwa inamkausha sauti. Akaiacha, sauti ikarudi, akasoma, watu wakamsifu, mama yake akalia kwa furaha. Baada ya hapo angesemaje?

Dawa ile hukausha sauti kweli. Mfamasia hata nyusi hakuinua. Alimwonyesha kopo la plastiki la kuvutia dawa, ili isigonge kooni ikabaki hapo, akamwambia asukutue na kutema kila akimaliza. Akasema atamwandikia daktari. Mwisho akauliza: "Mama nimwambie mimi, umwambie wewe, au tuliache kwanza?"

"Mjomba atamwambia."

Nikaelewa kwa nini niliingizwa.

Usiku ule nilimsumbua shemeji kwa maswali. Huduma ile ya mapitio ya dawa ilianza mwaka 2005, na kufikia 2019 serikali ililipa famasi pauni 28 kwa kila mgonjwa. Mzazi hakuweza kumkubalia mtoto. Ilikuwa lazima mtoto mwenyewe aelewe na akubali. Kipimo cha kuelewa kinaitwa Gillick, jina la mama wa watoto 10 aliyeishtaki mamlaka ya afya ili walio chini ya miaka 16 wasipewe ushauri wa uzazi wa mpango bila wazazi kujua. Mwaka 1985 alishindwa katika Baraza la Malodi, majaji watatu kwa wawili. Mama aliyepigania haki ya wazazi ndiye ambaye jina lake leo linatumika kupima akili za watoto. Nilimhurumia kidogo.

Lakini utaratibu ule ulikuwa na tundu. Mtoto wa miaka mitatu haelewi wala hasaini, na anayempa dawa ni mama yake; basi hao wawili walikosa huduma kabisa. Waingereza wenyewe waliliona. Mapitio yale yalifungwa Machi 2021, na Septemba mwaka huo huduma nyingine, ya wanaoanza dawa mpya, ikafunguliwa kwa wazazi na walezi pia. Walichelewa.

Dada nilikuwa nimemwambia njiani tukitoka famasi, kijana akiwa ametangulia mbele. Alinyamaza nyumba nne nzima.

"Angeniambia mimi."

"Angekwambia, ungemtoa madrasa."

Hakukana.

Nyumbani nilirudi Novemba. Mwezi huohuo Bunge letu lilishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi, kutoka miaka 18 hadi 15. Lakini kwa pumu, kifafa au selimundu hakuna aliyekuwa akimuuliza mtoto chochote dukani, nami nikiwamo: miaka kumi na tano nimempa mama dawa na maelezo, mtoto akiwa amesimama pale anachezea mizani.

Nimenunua kiti cha pili, nikaning'iniza pazia pembeni. Mteja wa kwanza alikuwa binti wa miaka 12, mwenye pumu, anayevutia dawa kwenye chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako. Niliinama, nikamuuliza kama anapenda tuzungumze kidogo kuhusu dawa yake.

Mama yake akajibu, "Anapenda."