Setilaiti inaona kijani, haijui mahindi

Leo tuache mambo ya tovuti na hifadhidata, twende Mukuyuni, kule Makueni, nilikozaliwa. Mvua tunayoitegemea zaidi Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ikikatika mapema, kila mtu anajiuliza kama njaa itaingia. Siku hizi sehemu ya jibu hutoka angani.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Chukua infraredi, toa nyekundu, kisha gawa kwa jumla ya hizo mbili. Jibu likikaribia 1, mahali hapo pana majani mengi. Likikaribia 0, ni udongo mtupu. Kwenye programu ni mstari mmoja tu.

Mamlaka ya kukabiliana na ukame nchini Kenya, NDMA, imetumia kipimo kinachotokana na hesabu hiyo, kiitwacho VCI. Hulinganisha kijani cha sasa na cha miaka iliyopita mahali pale pale, majira yale yale. Chini ya 35 ukame umeanza, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 umepita kiasi. Nambari hizo zimetumika kuamua pesa za dharura zitolewe lini, kwa hiyo si mchezo.

Sasa angalia tatizo. Picha za MODIS, zilizotumika miaka mingi kwa kazi hii, zina pikseli ya mita 250 kila upande. Hiyo ni kama ekari 15! Ndani yake mna mashamba kadhaa, vichaka na miembe, vyote vimechanganywa kuwa nambari moja.

Nikateremsha picha za Sentinel-2, ambazo ni za bure na zina pikseli ya mita 10. Ekari moja inapata pikseli 40 hivi. Nikachora grafu ya shamba la shangazi kwa msimu mmoja mbaya. Kijani kilipungua kidogo tu. Nikampigia simu kumuuliza.

"Mwanangu, hicho kijani ni mbaazi na maembe," akasema. "Mahindi yalikauka kabla ya kubeba. Hiyo setilaiti yako inajua muthokoi hupikwa kwa mahindi?"

Kwetu mahindi na mbaazi hupandwa shamba moja. Mahindi humaliza kazi yake kwa miezi michache, lakini mbaazi za kienyeji hubaki kijani muda mrefu baadaye. Pikseli ndogo haitenganishi mimea iliyosimama bega kwa bega.

Sisemi jicho la juu halifai. Picha zilizopigwa na ndege mwaka 1948, zikalinganishwa na za 1961 na 1978, ziliwasaidia watafiti kuonyesha jinsi matuta ya kuzuia mmomonyoko yalivyoenea Machakos, wilaya iliyokuwa na Makueni ndani yake hadi 1992. Kitabu chao kilitoka 1994. Lakini watafiti hao pia waliwahoji wakazi. NDMA nayo hukusanya habari za bei za vyakula, maziwa na umbali wa kwenda kuteka maji, kutoka kwa watu wenyewe. Hapo ndipo kijani kinapopata maana.

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayetengeneza programu ya kilimo, usiishie kwenye ramani ya rangi. Kwenye jedwali langu nimeongeza safu mbili: kilichopandwa, na kilichobeba. Mwenye shamba huzijaza kwa ujumbe mfupi, hata kwa simu ya kabambe. Zikiwa tupu, programu haichori rangi yoyote juu ya shamba hilo.

Haya, tukutane tena.