Rasio

Mtoto wa dada yangu anajifunza lori. Hajifunzi darasani, anajifunza kama tulivyojifunza sisi: kwa kuwa konvuayeri, yule kijana ambaye Dar es Salaam wangemwita utingo na Mombasa taniboi. Siku ile alikuja kwangu, kwenye kibanda changu cha vipuri hapa Butembo, mashariki ya Kongo, akakaa juu ya tairi kuukuu, akaanza kuhesabu kwa vidole. Dola 50 kwa mwezi. Chumba kinakula 15. Mama yake anangoja kitu kila Jumamosi. "Mjomba, ninyi mliwezaje?"

Nilitaka kucheka. Dola 50, tena kwa mwezi, tena kwa simu!

Mimi nilianza mwaka 1988, nikiwa na miaka 19. Siku hizo tuliitwa boi, na hakuna aliyeona jina hilo baya. Patroni, mwenye gari, hakumlipa boi. Patroni alimlipa dereva, na dereva akamlipa boi kwa kumfundisha. Hesabu iliishia hapo. Kitu pekee ulichoweza kukishika mkononi ni rasio, hela ya chakula, na ilitolewa kwa kila siku ambayo gari lililala nje ya Butembo. Gari likiwa mjini, unakula kwa mama yako na kunyamaza.

Hata hiyo rasio ilikuwa kama barafu mfukoni. Zaire, ile pesa yenye picha ya Mobutu, ilikuwa ikiyeyuka. Iliyokununulia bukari, ugali wetu, pamoja na maharage mwanzoni mwa mwaka, kufika katikati ilikununulia bukari na mchuzi wa maharage, na mwishoni unabaki na bukari na ukarimu wa mama muuzaji. Ndiyo sababu hakuna boi aliyeweka noti. Tuliweka chumvi. Babu zetu Wanande waliibeba chumvi ya Katwe vichwani kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasindi tangu zamani, na sisi tuliibeba chini ya kiti cha dereva. Ukivuka Mambasa ukaingia msituni, kikopo cha chumvi kilikuwa na heshima kuliko noti yoyote. Sabuni pia. Kurudi, unarudi na dumu la mawese, unaliuza huku juu kwenye baridi ambako michikichi haioti. Na kulikuwa na likelemba yetu, boi wanne wa malori ya patroni mmoja: kila safari watatu wanampa mmoja. Kwa zamu yangu nilinunua viatu. Nilivivaa Jumapili tu, kazini nikaendelea peku.

Kazi yenyewe ilikuwa kabari. Wanaojifunza leo wanadhani udereva ni usukani. Mimi kwa mwaka mzima sikuugusa usukani isipokuwa kwa kitambaa cha kuupangusa. Nilishika kabari, gogo la mti lililochongwa pembe tatu lenye kamba, na kila mlima nilishuka nikakimbia nyuma ya gurudumu. Gari likizidiwa, dereva anapiga kelele, nawe unaichomeka kabla tani zote zile hazijaanza kurudi. Ukichelewa, hutaulizwa tena kitu. Dereva wangu alikuwa na msemo wake: boi mwenye njaa anakimbia vizuri. Nilimchukia kwa msemo huo. Ila ni yeye pia aliyenifundisha kusikia injini kwa nyayo za miguu, kwenye sakafu ya gari, na mpaka leo mteja akiniletea gari naweza kumwambia ugonjwa kabla hajafungua boneti.

Tulipeleka maharage na vitunguu vya Lubero hadi Kisangani, vikashushwa mtoni kwenda kulisha Kinshasa. Beni, Oicha, Eringeti, Komanda, Mambasa, Epulu, Nia-Nia, Bafwasende. Kutoka Beni peke yake ni zaidi ya kilomita 700, na usiniulize ni siku ngapi, kwa sababu jibu lilikuwa kwa mvua. Njiani kulikuwa na burubiye, mashimo ya matope ambamo lori linazama mpaka mlango haufunguki. Malori yanapanga mstari nyuma yake, kumi, ishirini. Wiki inapita. Wanakijiji wanakuja na ndizi na nyama ya pori, vijana wanakuja na makoleo na bei yao. Wenye mali wanashika vichwa. Dereva anatukana.

Na boi? Boi anahesabu. Siku moja ndani ya tope, rasio moja. Siku sita, rasio sita. Nikikwambia kwamba matope ndiyo yaliyonilisha, usidhani natunga. Tulikuwa tukichimba kwa bidii dereva akitutazama, na akienda kulala tulichimba kama watu wasio na haraka.

Kuna jambo sikumwambia kijana siku ile.

Safari moja resori, springi ya gari, ilikatika kabla ya kufika Epulu. Dereva akanipa hela, akanituma Mambasa kutafuta nyingine. Nilipata lifti, nikaipata resori jioni ileile kwa fundi mmoja karibu na soko. Alfajiri kulikuwa na gari linaelekea upande wetu, nikaliona likipakia. Sikupanda. Nilikuwa na hela ya kula mkononi, na kila siku niliyokaa nje ilikuwa siku ya rasio. Nikalala siku ya pili. Nikalala ya tatu. Nilikula nyama, nikanywa kasikisi, pombe ya ndizi, nikajiona mjanja wa Zaire nzima. Artikali ya 15, tulisema siku zile: jitafutie.

Juu ya lori letu alikuwapo mama mmoja wa Lubero na magunia yake ya vitunguu. Ndiye aliyekuwa akitupikia njiani bila kutudai hata shilingi, na mimi aliniita mtoto wangu, akinibakizia ukoko wa bukari kwa kuwa alijua naupenda. Mvua ilinyesha usiku wa siku zote tatu. Bashi letu, turubai la kufunika mzigo, lilikuwa limechanika upande wake. Nilipofika na resori begani nikiwa na uongo wangu tayari, harufu ilinipokea kabla sijaliona gari. Alikuwa ameyafungua magunia kando ya barabara, akichambua kimoja kimoja, vizima huku, vibovu kule. Rundo la kule lilikuwa kubwa. Akaniuliza, "Umekula, mtoto wangu?"

Nikasema bado. Akanipikia.

Miaka mitatu baadaye nilipewa usukani. Nilikuwa nimeapa kwamba boi wangu nitamlipa kama mtu. Nilimpa rasio, ya siku kwa siku, na mara ya kwanza aliponilalamikia nilisikia mdomo wangu ukimwambia kuhusu boi mwenye njaa.

Sasa barabara ni nyingine. Mwaka 2021 Uganda na Kongo zilikubaliana kuweka lami, kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni na 54 kutoka Beni hadi Butembo, na matingatinga yakaanza kuchonga vilima nilivyovikimbilia na kabari. Kijana hajui kabari. Pia hajui biashara ya chini ya kiti, kwa sababu kontena kutoka Mombasa lina lakiri na patroni ana simu ya kuliona gari lilipo. Hawezi kupakia abiria watano juu ya mzigo akagawana nauli na dereva. Na nani angekubali kupanda? Tangu mauaji yalipoanza kuzunguka Beni mwaka 2014, watu wameuawa na malori yamechomwa kwenye barabara hizi, na mama yake hulala na simu kifuani kila kijana akiwa safarini. Mimi niliogopa tope na dereva. Yeye analipwa dola 50 na anaogopa mengine.

Kwa hiyo swali lake sikulijibu. Nilimpa hela ya chumba ya mwezi mmoja, nikasingizia kwamba ni mkopo.

Jana usiku alinipigia kutoka Kasindi. Gari liko kwenye maegesho, karatasi za forodha hazijatoka. Nilitegemea malalamiko. Sauti yake ilikuwa nyepesi.

"Hapa tunalala siku mbili, mjomba. Pengine tatu."

"Wanawapa nini mkilala?"

"Rasio," akasema. "Ya kila siku, mbali na mshahara. Dereva amesema karatasi tungeweza kuzifuatilia leo, lakini hakuna haraka."

Nilinyamaza mpaka akafikiri simu imekatika.

"Mmebeba nini?"

"Simenti ya Hima."

"Mvua?"

"Bado. Ila Ruwenzori yote imefunikwa."

"Bashi lenu zima?"

Akasita. Alisema limechanika kidogo, kwa nyuma.

"Washa tochi," nikamwambia, "upande juu sasa hivi ulifunge. Usikate simu."

Nikamsikia anapanda.